Ukimaliza Madina, jangwa lina masharti yake

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wa barua tuongeze maneno juu ya jambo ambalo magazeti yetu hulitoa kwa picha nzuri na maelezo haba: Saudi Arabia kuwafungulia watalii milango. Picha za majabali ya AlUla, mji wa jangwani kaskazini ya Madina, zimeshafika kwenye simu za watu mpaka Pongwe na Maramba, na maswali yanayoletwa kwetu sisi tunaoandaa safari za umra hapa Tanga yamebadilika. Zamani mtu aliuliza hoteli iko mbali kiasi gani na Haram, yaani Msikiti Mtakatifu. Siku hizi anauliza kama anaweza kupita jangwani siku mbili tatu kabla ya kurudi nyumbani. Anaweza. Ila ajue kwamba jangwa ni safari nyingine, na begi lililofungwa kwa ajili ya Makka na Madina halimtoshi.

Tuanze na viza, maana hapo ndipo fedha za watu zinapopotea. Viza ya utalii ya nchi ile ilitangazwa tarehe 27 Septemba 2019. Kabla ya hapo mgeni aliingia hasa kwa hija, umra, kazi, biashara au kumtembelea jamaa. Orodha ya kwanza ya walioruhusiwa kuomba viza hiyo kwa mtandao ilikuwa na nchi 49: 38 za Ulaya, 7 za Asia, Marekani, Kanada, Australia na New Zealand. Afrika haikuwamo hata nchi moja. Lakini anayekwenda umra ana njia iliyo karibu zaidi. Tangu mwaka 2022 viza ya umra imeruhusu kutembea katika miji yote ya ufalme, wakati zamani ilimfungia mtu Makka, Madina na Jeddah tu. Wengi huku kwetu bado wanaamini kizuizi kile kipo, na wapo wanaolipishwa fedha za ziada kwa ajili ya “kibali cha kutoka Madina”. Usilipe kitu hicho.

Kinachotakiwa ni kusoma tarehe. Viza ya umra ina ukomo wa msimu: kila mwaka mamlaka za kule hutangaza siku ambayo wenye viza hiyo lazima wawe wameshaondoka kabla ya hija kuanza. Mwambie wakala wako mapema kwamba unataka siku tatu baada ya Madina, tiketi ya kurudi ikatwe kwa hesabu hiyo, na siku hizo ziandikwe kwenye ratiba. Ukiziongeza ukiwa kule kule, ndege ya kikundi huondoka bila wewe.

Viza ya umra si viza ya hija, na ya utalii si viza ya hija wala ya kazi. Viza ya utalii inaruhusu umra nje ya msimu, lakini hija ina viza yake peke yake. Juni 2024 walifariki mahujaji 1,301, na serikali ya kule ikasema asilimia 83 yao hawakuwa na kibali. Tarehe 17 mwezi huo joto lilifika nyuzi 51.8 kwenye Msikiti Mtakatifu. Asiye na kibali hana hema lenye kiyoyozi Mina, hana basi la kumtoa Arafa. Anatembea juani kilomita nyingi na haombi msaada kwa kuogopa kukamatwa. Na binti anayeambiwa “nenda na viza ya matembezi, kazi utaipata huko huko” anapelekwa mahali ambapo hatakuwa na mkataba wala pa kulalamikia. Wazazi wa Tanga wasikubali maneno hayo, yatoke kwa nani.

Majira nayo yana hesabu yake. Nenda kati ya Novemba na Februari, na Machi kwa tahadhari. Kuanzia Mei hadi Septemba mchana wa jangwani hupita nyuzi 40, na hakuna mzee wa kumpeleka huko kutazama mawe. Kosa la watu wetu ni kudhani kwamba kwa kuwa wamezaliwa kwenye joto la Tanga basi joto wanalijua. Joto la pwani ni la maji: jasho linakutiririka, shati linalowa, mwili unakutangazia mapema kwamba unapoteza maji. Jangwani hewa ni kavu kiasi kwamba jasho linakauka kabla hujaliona. Ngozi inabaki kavu, mtu anadhani hatoki jasho, hasikii kiu ya maana, na baada ya saa tatu kichwa kinauma, anakuwa mkali kwa wenzake, miguu inaingia ganzi. Hapo ameshachelewa kunywa.

Kwa hiyo kunywa kwa saa, usisubiri kiu. Ukiwa unatembea juani, kikombe kimoja kila dakika 20 ni kiasi kizuri. Kipimo rahisi ni mkojo: ukiwa mweupe au wa manjano hafifu uko salama, ukiwa na rangi ya chai ya rangi, kaa kivulini unywe. Maji matupu kwa wingi bila chumvi nayo yana madhara, kwa hiyo beba pakiti za chumvi ya kuongeza maji mwilini. Zikikosekana, changanya lita moja ya maji safi na vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Chumvi isizidi hapo. Mwenye kisukari aulize daktari wake kwanza.

Na wenye kisukari na presha ndio wengi kwenye vikundi vya umra, kwa kuwa watu huenda wakiwa watu wazima. Baadhi ya dawa za presha hukojosha, na jangwani mgonjwa anakauka mara mbili. Aulize kabla ya kuondoka kama kipimo kibadilishwe. Insulini isiachwe ndani ya gari hata kwa nusu saa. Ibebwe kwenye mfuko mdogo wa baridi, na barafu isigusane nayo maana ikiganda imeharibika. Dawa zote zikae kwenye paketi zake pamoja na cheti cha daktari. Vidonge vya maumivu vya jamii ya tramadol na kodeini vinadhibitiwa vikali kule, na mirungi ni dawa za kulevya. Usikubali kumbebea mtu mzigo ambao hukuufungua na kuufunga mwenyewe, hata akiwa ni jirani wa miaka mingi. Kwenye kesi ya dawa za kulevya hukumu ya kule inaweza kuwa kifo.

Usiku ndipo wageni kutoka pwani hushangazwa. Mchanga na mawe hayahifadhi joto kama bahari inavyohifadhi, na mbingu haina mawingu ya kulizuia lisipande juu. Jua likishazama, joto nalo linaondoka. AlUla usiku wa Januari hushuka chini ya nyuzi 10. Anayeijua Lushoto ya mwezi wa Julai achukulie hiyo, aongeze upepo. Sweta zito, soksi, kofia ya kufunika masikio, mafuta ya mgando kwa midomo na ndani ya pua, maana hewa kavu hupasua mpaka damu ikatoka. Ukilala kwenye hema, jiko la mkaa libaki nje. Mkaa hutoa gesi isiyo na harufu, na watu huuawa nayo wakiwa usingizini kila majira ya baridi. Asubuhi kung’uta viatu kabla ya kuvaa, kwa sababu ya nge. Makubadhi yanafaa kwenda msikitini. Kwenye changarawe vaa kiatu kilichofunika vidole.

Kutoka Madina hadi AlUla ni kilomita 300 na ushei, kama Tanga na Dar es Salaam. Lakini usipige hesabu ya safari ya Dar. Huku una Muheza, Segera, Mkata, Chalinze. Kila baada ya dakika chache kuna mtu wa machungwa au kituo cha mafuta. Kule vituo ni vichache na katikati ni mawe meusi ya volkano upande wa Khaybar, kisha mchanga. Jaza tanki Madina, na likifika nusu jaza tena popote utakapokuta pampu. Barabara ni lami nzuri, na uzuri huo ndio unaoua: imenyooka, dereva anasinzia, mwendo unapanda bila yeye kujua. Kamera za mwendo ni nyingi. Tena wanaendesha upande wa kulia. Mtanzania anayekodi gari hukosea siku ya pili, si ya kwanza. Siku ya kwanza anakumbuka. Siku ya pili akitoka kituo cha mafuta kwenye barabara tupu anaingia kushoto kama nyumbani. Anayekaa kando ya dereva awe na kazi ya kumkumbusha kila wanapoanza safari upya.

Usiendeshe usiku. Ngamia ndiye sababu. Mguu wa ngamia ni mrefu kuliko boneti la gari dogo, hivyo gari likimgonga linamkata miguu tu, na mwili wenye kilo mia kadhaa unaangukia kioo cha mbele na paa. Ng’ombe wa barabara ya Handeni gari humsukuma mbele. Ngamia huingia ndani ya gari. Tena taa zikiwashwa chini zinamulika miguu myembamba yenye rangi ya mchanga, wakati macho yanayong’aa yako juu ya mwanga. Dereva anamwona akiwa mita chache. Ondoka Madina baada ya Alfajiri kukiwa kumepambazuka, na ufike kabla ya Adhuhuri.

Mvua za kule huja majira hayo hayo ya baridi. Bonde kavu si barabara wala si mahali pa kupiga hema, hata mbingu ikiwa safi, kwa sababu mvua inayonyesha milimani mbali inateremka bondeni dakika kadhaa baadaye kama ukuta wa tope. Ardhi ngumu hainyonyi maji upesi. Jeddah, mji mkubwa wenye lami, mafuriko ya Novemba 2009 yaliua watu zaidi ya mia moja.

Kwa anayetaka kuingia mchangani hasa: asiingie peke yake wala na gari la kukodi la mjini. Achukue dereva mwenyeji mwenye leseni ya kazi hiyo, magari yawe mawili, yote ya kuvuta tairi nne. Ila ni vizuri abiria naye ajue kinachofanyika ili amtambue dereva asiyejua. Kabla ya kuingia, upepo wa tairi hupunguzwa kutoka paundi 35 hivi hadi kati ya 15 na 18. Tairi lililolegea linajitandaza kama unyayo wa ngamia, uzito unagawanyika, gari halizami. Dereva asiyepunguza upepo, anayesema gari lake lina nguvu, usipande. Kwenye mchanga mwendo uwe wa wastani na usiokatika. Anayekata kona ghafla akiwa kwenye mteremko wa tuta hupindua gari, na anayevuka kilele kwa kasi hajui upande wa pili kuna nini. Likikwama, mguu utoke kwenye mafuta papo hapo. Kila mzunguko wa tairi ni kuchimba kaburi la gari, na baada ya sekunde kumi chasisi imekaa juu ya mchanga, tairi zinazunguka hewani. Teremkeni wote, fukueni mbele na nyuma ya kila tairi kwa koleo, ondoeni mchanga chini ya tumbo la gari, kisha rudini nyuma polepole kwenye alama zenu wenyewe ambako mchanga umeshashindiliwa. Mkishatoka mchangani, upepo ujazwe tena kabla ya lami, la sivyo tairi linachemka na kupasuka.

Akiba ya maji garini ni lita tano kwa mtu kwa siku, na siku moja ya ziada, kwenye madumu mawili au zaidi, si moja, maana dumu moja likitoboka mmepoteza yote. Gari likiharibika, kaeni nalo. Inua boneti lionekane, kaeni kwenye kivuli chake upande wa nje, msikae ndani. Gari huonekana kutoka mbali. Mtu anayetembea haonekani. Ramani ishushwe kwenye simu kabla, kwa sababu mtandao hukatika, na namba ya gari la wagonjwa la Hilali Nyekundu ni 997.

Sasa mahali penyewe, maana shida zote hizi zina malipo yake. Karibu kilomita 20 kaskazini ya mji wa AlUla ndipo palipo Al-Hijr, ambapo wengine hupaita Madain Saleh au Hegra. Mwaka 2008 palikuwa pa kwanza nchini mle kuingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO. Kuna makaburi makubwa 111 yaliyochongwa kwenye majabali, 94 kati yake yakiwa na nyuso zenye nakshi. Waliochonga ni Wanabatea, watu wa kale wa Arabuni, wale wale wa Petra kule Jordan, kati ya karne ya kwanza kabla ya Nabii Isa na karne ya kwanza baada yake. Kuna milango yenye maandishi juu yake: jina la mwenye kaburi, mwaka wa mfalme, laana na faini kwa atakayemzika humo mtu asiyeruhusiwa. Simama mbele ya lile jabali la peke yake, Qasr al-Farid. Juu limelainishwa, ngazi za nakshi zimekamilika, nguzo zimetoka. Kadiri macho yanavyoshuka kazi inapungua, na chini kabisa jiwe limebaki na alama za patasi kama limeachwa jana. Hapo unaelewa bila kuelezwa kwamba mafundi walianza kileleni wakashuka, wakikata hatua waliyosimamia kadiri walivyomaliza. Fika jua linapoelekea kuzama, jiwe linapogeuka rangi ya samli iliyoungua.

Kuna neno ambalo wasimamizi wa safari hulikwepa, nasi hatutalikwepa. Al-Hijr ni mahali ambapo Waislamu wanapajua kwa habari ya Nabii Swaleh na Thamud, kaumu yake iliyoangamizwa. Imepokewa katika vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita hapo akienda Tabuk aliwakataza maswahaba wasiingie kwenye makazi ya waliojidhulumu ila wakiwa wanalia. Wapo masheikh wanaozuia matembezi ya hapo kwa hadithi hiyo, na wapo wanaoruhusu kwa kuzingatia. Kila mtu amuulize sheikh wake akiwa bado Tanga, si mlangoni kwa Al-Hijr akiwa ameshalipa. Anayejizuia hajakosa safari: mji mkongwe wa AlUla, bonde la mitende na michungwa, na Jabal Ikmah lenye mamia ya maandishi ya kale kwenye kuta za mwamba viko nje ya eneo hilo. Anayeingia hawezi kuingia na gari lake. Tiketi hukatwa mapema kwenye tovuti rasmi na watu hupelekwa kwa basi pamoja na mwongozaji. Desemba na Januari tiketi huisha, kwa hiyo kata kabla ya kukata ya ndege.

Watu wa Tanga wasikose kituo cha reli pale Al-Hijr. Ni reli ya Hijaz, iliyoanza kujengwa mwaka 1900 na kufika Madina 1908, ili mahujaji wa Sham, yaani Syria na jirani zake, waache kutembea jangwani wiki nyingi. Mhandisi wake mkuu alikuwa Mjerumani, Meissner. Reli yetu ya Tanga nayo Wajerumani waliianza 1893 na kuifikisha Mombo 1905, na upana wa njia hizi mbili unatofautiana kwa sentimita tano tu: mita moja hapa, mita moja na sentimita tano kule. Ukikiona kile kichwa cha treni kilichohifadhiwa, hutahitaji kuelezwa ni jamii gani ya mashine. Na ukipitia Jeddah, tenga nusu siku kwa mji mkongwe wa Al-Balad. Nyumba zake ni za mawe ya matumbawe, kama misikiti na makaburi ya Tongoni, ila zenyewe bado zimesimama kwa ghorofa nyingi na madirisha ya mbao yaliyotokeza nje.

Mengine ni mafupi. Riyali 3.75 ni dola moja, na kiwango hicho hakibadiliki. Bei ina kodi ya asilimia 15 ndani yake. Mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Ijumaa asubuhi usitegemee duka wala mgahawa. Wanawake wageni hawalazimishwi abaya, lakini baibui la kwetu linatosha na linampa mtu heshima yake. Usipige picha watu bila ruhusa, wala kambi, wala majumba ya serikali. Kikoi kibebwe na kila mmoja, mwanamume na mwanamke: ni kivuli, ni shuka, ni kitambaa cha kuziba pua vumbi likiinuka.

Ombi letu kwako, Mhariri, ni dogo. Tarehe ya mwisho ya wenye viza ya umra kuondoka inapotangazwa, ichapeni ukurasa wa mbele kwa herufi kubwa, kwa kalenda zote mbili, ya Kiislamu na ya kawaida, wiki hiyo hiyo. Wapo wanaoipata kwa mdomo wa wakala pekee, na wakala anaweza kuwa na sababu zake za kuitaja au kutoitaja.

Waandaaji wa safari za umra,
Ngamiani, Tanga